Dakika Sabini na Nne za Kunyamaza

Musembi hakujua Kichina, wala Kikorea, wala Kihindi, na Kiingereza chake kilikomea darasa la nane. Hilo halikumzuia kutafsiri filamu kwa miaka ishirini na tatu. Alikuwa na ukumbi wa mabati nyuma ya soko la Muthetheni, mabenchi kumi na mawili, televisheni, spika mbili na maikrofoni. Kazi yake ilikuwa kupunguza sauti ya filamu na kuwaeleza watu, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kikamba, wale wa kwenye kioo wanasema nini. Wanasema nini hasa, hakujua. Alichojua ni wateja wake wanataka kusikia nini. Basi mfalme wa China akawa analia kwa sababu mbuzi wake amekula mahindi ya jirani, na majambazi wa Amerika wakawa wanakimbia kwa kuwa chifu amewaita baraza. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na kesho yake wakarudi.

Kuna jambo moja la kazi hiyo ambalo watu hawalifahamu. Mtafsiri haangalii filamu. Kigoda cha Musembi kilikuwa kando ya televisheni, uso wake umeelekea kwenye mabenchi, na jicho moja tu likiibia kwenye kioo kuona kama farasi wamefika. Alikuwa akiangalia watu. Wakicheka, aliongeza. Wakikohoa, alimuua mtu haraka. Kwa miaka ishirini na tatu hakuna filamu aliyoiona kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mkewe, Mbithe, alikuwa akikaa mlangoni na beseni la njugu mpaka alipougua. Aliugua miezi mitano, akafa nyumbani. Binti yao wa pekee, Mwongeli, alikuwa Mombasa akipiga video za harusi, na kila alipopiga simu babake alimwambia mama anaendelea vizuri. Alifika nyumbani siku moja kabla ya mazishi. Alitaka kujua jambo moja tu: mama yake alikwendaje. Alimuuliza babake jioni ile, babake akasema, "Kesho nitasema yote, mbele ya watu."

Kesho yake Musembi alipewa maikrofoni kando ya kaburi, na maikrofoni ilipofika mkononi, mdomo ukafanya kazi uliyoizoea. Akaanza na ile sauti ya sinema. Akaeleza jinsi Mbithe alivyofika kwa Mtakatifu Petro, akakuta foleni, akauliza nani wa mwisho, halafu akaanza kuwauzia njugu. Waombolezaji walijaribu kujizuia wakashindwa. Padri mwenyewe aligeuka akaangalia migomba. Watu wengi walisema hawajawahi kuona mazishi mazuri kama yale. Mwongeli aliondoka jioni hiyo hiyo bila kula, na kwa miaka sita hakukanyaga Muthetheni. Kila Krismasi alituma ujumbe wa maneno mawili: Krismasi njema. Musembi, mtu wa maneno elfu kumi kwa siku, alimjibu kwa maneno mawili hayo hayo, kwa sababu hakujua mengine.

Basi simu ilipolia mwezi wa pili, akaona jina la binti yake kwenye kioo wakati ambapo si Krismasi, alikaa chini kwanza.

"Nau, ni mimi," Mwongeli akasema, akimwita baba kwa Kikamba.

"Najua ni wewe."

"Nimetengeneza filamu."

"Ya vita?"

"Ya mama wa pwani anayepika mahamri."

Musembi akangoja. Alidhani kuna kitu kingine kinakuja.

"Halafu?"

"Halafu anaenda kuyauza."

"Sawa," Musembi akasema. Alikuwa amekutana na filamu mbaya nyingi maishani na hakuna iliyomshinda. "Ilete. Nitaitengeneza."

"Hapana, ndio maana nimekupigia. Nimeionyesha Nairobi, nimeionyesha Mombasa, hata watu wa hicho kijiji wenyewe wameiona. Nyumbani tu ndio bado. Nataka kuionyesha kwa ukumbi wako. Lakini kuna sharti. Usiongee."

"Kabla ama baada?"

"Ndani yake. Dakika sabini na nne. Hata neno moja, nau."

Musembi akatazama dirishani. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa ikinguruma, na yeye akawa anaisikia vizuri sana.

"Sawa," akasema. "Na utalala nyumbani?"

"Nimeshachukua chumba Machakos. Tukimaliza naenda."

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na Musembi hakuificha nafsi yake. Alitaka mtoto alale nyumbani. Usiku mmoja tu. Alinunua godoro jipya la inchi sita, akaliweka kwenye chumba cha zamani cha Mwongeli likiwa bado na nailoni yake, kusudi aone halijalaliwa na mtu. Akapaka chokaa. Akamwambia shemeji yake Syombua, dada mdogo wa marehemu, achambue muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, mapema. Na akajiwekea hesabu rahisi: nikiweza kunyamaza dakika sabini na nne, huenda akalala. Nikiongea, ataenda zake, na safari hii hata Krismasi haitatumwa.

Kwa wiki mbili alifanya mazoezi ya kunyamaza nyumbani, peke yake. Siku ya kwanza alifika dakika tisa, kisha akajikuta anamweleza paka kuhusu bei ya godoro.

*

Jumamosi hiyo Mwongeli alifika saa saba mchana, amebeba projekta, kitambaa cheupe na begi la nyaya. Alikuwa amenenepa kidogo na kukata nywele. Alimsalimia babake kwa mkono, kama mtu anavyomsalimia mwalimu mkuu, akaomba magunia ya kuziba madirisha. Musembi akaleta magunia. Alikuwa na mambo mengi ya kusema kuhusu magunia hayo, akayameza.

Kufikia saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa. Tangazo lilikuwa limekwenda hadi soko la juu kwamba binti ya Dijei, kama walivyomwita Musembi, ameleta filamu yake mwenyewe, na watu walikuja kama wanavyokwenda kuona ng'ombe aliyezaa mapacha. Mbele kabisa, kwenye kiti chake cha plastiki alichokibeba kutoka dukani, alikaa Kuria, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa ametoka Nyeri miaka kumi na tano iliyopita kuuza misumari mwezi mmoja, akasahau kurudi. Syombua alikaa benchi la pili na wenzake wanne wa chama cha kina mama.

Mwongeli akasimama mbele. "Leo baba hatatafsiri," akasema. "Filamu itajisema yenyewe."

Watu wakageuka wakamtazama Musembi, ambaye hakuwa kwenye kigoda chake. Alikuwa ameketi benchi la nyuma, peremende mbili mdomoni.

"Musembi ako na koo?" Kuria akauliza.

Musembi akatikisa kichwa.

"Ameokoka," mtu mmoja akasema gizani, na watu wakampa pole.

Filamu ikaanza. Jina lake lilikuwa Njia ya Kadzo. Alionekana mwanamke wa makamo, kichwa chini, akikanda unga kwenye sinia. Akakanda. Kulikuwa na kuku akipita nyuma yake. Akaendelea kukanda. Kuku akarudi. Dakika nne zikapita, na unga ukawa umekandika vizuri, hilo hakuna aliyelipinga.

"Atapigwa saa ngapi?" kijana wa bodaboda akauliza.

"Ngoja. Hiyo ni mtego. Adui ako nje," mwenzake akamwambia.

Adui hakuwa nje. Nje kulikuwa na mwanamke mwingine, wakaongea, na hapo balaa la pili likajitokeza: walikuwa wakiongea Kigiriama, na maandishi yaliyopita chini yalikuwa ya Kiingereza, madogo, yenye haraka. Hakuna aliyekuwa amekuja na miwani. Mabenchi yakaanza kulia. Kila Muthetheni ilipochoka, Musembi aliisikia kwenye mabenchi kwanza, kabla ya kuisikia midomoni, na sasa sauti ile ilimwingia mifupani. Huyu mwanamke wa pili angeweza kuwa mkopeshaji. Angeweza kuwa mchawi. Angeweza kuwa mke wa pili aliyekuja kudai sufuria. Sentensi tatu tu na ukumbi ungekuwa mkononi mwake. Alizisikia zimepanga mstari nyuma ya peremende, zinasukumana.

"Dijei!" mtu akaita. "Huyo anasema nini?"

Watu wanne wakatoka. Mlango wa mabati ukafunguka, mwanga ukaingia ukafuta filamu yote, ukafungwa. Wengine watatu wakatoka. Mwongeli alisimama kando ya projekta, mikono imekunjwa, na Musembi aliuona upande mmoja wa uso wake. Alikuwa na uso wa Mbithe pale njugu zilipokuwa haziuziki. Ikamuuma. Kama angeongea, angeiokoa filamu ya mwanawe na kumpoteza mwanawe. Kama angenyamaza, angemwacha mwanawe aaibike mbele ya watu wa kwao, na kumpoteza vilevile labda. Hakuna filamu ya Kichina iliyowahi kumtia kwenye shimo kama hilo. Akauma peremende ikavunjika, akanyamaza.

Na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, na hakuna watu wa kuangalia isipokuwa migongo, akaiangalia filamu.

Kadzo alipika mahamri yake, akayapanga kwenye beseni, akajitwisha. Akatembea kwenye njia ya mchanga kati ya minazi, ule mwendo wa mtu anayeijua njia hata akifumba macho. Halafu njia ikaisha. Mbele yake palikuwa na ukuta mweupe, mrefu, mpya, wenye vipande vya chupa juu. Bahari ilikuwa upande wa pili; ilisikika. Kadzo alisimama akautazama ukuta, si kwa hasira, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekalia kiti chake. Kisha akageuka kushoto, akaanza kuuzunguka.

Alitembea, ukuta ukatembea naye. Kamera haikukata. Beseni, ukuta, jua.

"Wamefunga njia," Syombua akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, lakini ukumbi mzima ukasikia. Watu wa Muthetheni hawajui mambo ya bahari, ila njia iliyofungwa wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Hakuna ukoo pale ambao haujapanda hadi kwa chifu kwa ajili ya njia ya kwenda mtoni, au mkonge wa mpakani uliosogezwa hatua mbili usiku. Mtu angeweza kuwanyima Kigiriama na Kiingereza na miwani, bado hilo wangelisoma.

"Aiya! Na hiyo njia ni ya zamani," mama mmoja akasema. "Angalia mchanga vile umekanyagwa."

"Njia ya watu haifungwi. Hata mkoloni hakufunga."

"Kuna mwingine hapa amefunga nyuma ya duka yake," kijana wa bodaboda akasema, na vichwa vyote vikamgeukia Kuria.

"Hiyo yangu ni tofauti," Kuria akasema. "Hiyo ni mabati tu."

"Nyamaza, Kuria, tunaangalia."

Kadzo akafika kwenye lango la ukuta. Pale palikuwa na askari kijana, sare mpya inayompwaya, daftari mkononi. Kadzo akasimama mbele yake. Kijana akaangalia daftari, akatikisa kichwa. Kadzo akasema kitu kifupi. Kijana akatazama chini. Kadzo akashusha beseni, akatoa mahamri mawili, akampa. Kijana akayapokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kisha akasimama tena wima mlangoni, na Kadzo akajitwisha beseni akaendelea kuzunguka.

Benchi la pili likainama mbele.

"Huyo ni mtoto wake," Syombua akasema.

"Umejuaje?"

"Hukuona vile amepokea? Ni mtoto wake wa kuzaa. Wamemwandika kazi ya kumfungia mama yake."

Mwongeli aligeuka akamtazama mama mdogo wake, mdomo wazi kidogo. Musembi, kule nyuma, alielewa kutokana na uso ule kwamba Syombua hakukosea. Kutoka hapo filamu haikuhitaji mtu. Benchi la pili lilisema Kadzo anafikiria nini, benchi la tano likapinga, benchi la tatu likaamua. Mahamri yalipofika ufukweni yamepoa na wavuvi wakanunua matatu tu badala ya ishirini, mama mmoja alitoa leso. Wale saba waliotoka walirudi mmoja mmoja, wakauliza nini kimetokea, wakaambiwa wakae wanyamaze. Musembi hakukumbuka tena peremende. Mara mbili aliona kitu kwenye kioo, akataka kujua kitakachofuata, na hilo lilikuwa jambo geni kwake, kwa sababu siku zote kilichofuata alikuwa akikitoa mfukoni.

Mwishoni Kadzo alikanda unga tena, asubuhi nyingine. Akajitwisha beseni, akatoka, akafika kwenye ukuta, akageuka kushoto. Akawa mdogo, mdogo zaidi. Kitambaa kikawa cheupe.

Watu wakangoja.

"Stima imepotea?" Kuria akauliza.

"Imeisha," Mwongeli akasema.

"Imeisha wapi, na ukuta bado uko?"

"Imeisha hivyo."

Magunia yakaondolewa madirishani, watu wakabaki wanapepesa macho. Musembi akaangalia saa yake. Dakika sabini na nne, na mbili juu. Alikuwa ameweza. Hakuna aliyempongeza.

*

Syombua alikuwa ameshasimama. Alikuwa mwenyekiti wa chama na alizoea kusimama kabla ya wengine.

"Sasa," akasema, "tunaenda siku gani?"

"Wapi, mama mdogo?" Mwongeli akauliza.

"Kwa huyo mama. Tufanye mwethya, sote pamoja. Hiyo ukuta ni ya watu kumi na tano, siku mbili. Sisi tulichimba mtaro wa Kivandini wiki moja, wanawake watupu. Kuria, uko na nyundo kubwa ngapi?"

"Tatu," Kuria akasema. Akafikiri kidogo. "Nitatoa. Lakini zirudi."

"Mama mdogo, hii ni filamu," Mwongeli akasema polepole.

"Najua ni filamu, si mimi ni mjinga. Huyo mama ako ama hayuko?"

"Ako."

"Anaitwa Kadzo?"

"Anaitwa Kadzo. Sikuchukua waigizaji. Kila mtu pale ni yeye mwenyewe."

"Na huyo kijana wa lango?"

"Ni Karisa. Mtoto wake."

"Na ukuta?"

"Uko."

"Basi," Syombua akasema, na kina mama wanne wakaitikia ĩĩ kwa pamoja. Mmoja alikuwa tayari anatafuta kalamu. Syombua akamgeukia Mwongeli tena, na sasa sauti yake ilikuwa imepoa, nayo ikiwa hivyo huwa mbaya zaidi. "Na wewe ulikaa huko siku ngapi?"

"Miezi minane."

"Miezi minane. Uko na kamera, mama wa watu anazunguka hiyo ukuta na beseni kichwani, wewe unamfuata nyuma unamwangalia. Hata beseni hukumbebea?"

Mwongeli akafungua mdomo. Angeweza kusema mengi: kwamba filamu ile imeonyeshwa mbele ya watu wakubwa, kwamba kuna kesi ya ukuta ule sasa, kwamba kazi ya kamera ni kuangalia. Huko Nairobi bila shaka alikuwa ameyasema, na watu walipiga makofi. Lakini hapa aliulizwa na dada ya mama yake mbele ya watu waliomjua akiwa na kamasi. "Wakati mwingine nilibeba," akasema. "Wakati mwingine nilikuwa nashika kamera."

"Ĩĩ," Syombua akasema.

Ndipo Mwongeli akageuza shingo akatazama benchi la nyuma. Si kwa muda mrefu. Lakini kwa miaka sita hakuwa amemtazama babake hivyo, kama mtoto aliyeanguka anayetafuta nani ameona.

Musembi akasimama. Hakuwa na maikrofoni.

"Mabibi na mabwana!" akaanza, na ilikuwa ile sauti ya sinema, imekuja yenyewe kama kawaida. Watu wakatabasamu mapema. Akaona uso wa binti yake ukijifunga. Akanyamaza. Akakohoa. Alipoanza tena, sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, imekwaruza kidogo, na kulikuwa na watu pale ambao hawakuwahi kuisikia.

"Syombua, mwache mtoto," akasema. "Ameangalia. Hiyo si kitu kidogo. Mimi sikuangalia."

"Hukuangalia nini?"

"Mbithe."

Mtu aliyekuwa akiburuta benchi akaacha.

"Miezi mitano aliugua," Musembi akasema. "Hakuweza kuja hapa tena, na alikuwa anapenda kusikia watu wakicheka. Nikawa nampelekea filamu kitandani. Kila jioni nakaa kando yake namweleza, na sauti zote, hata za farasi. Alicheka wiki za kwanza. Halafu akawa hacheki, nikaongeza. Si ndio nafanyanga hapa? Watu wasipocheka, naongeza. Sikumwangalia. Nilikuwa naangalia kama atacheka."

Alikuwa akimwambia Syombua, lakini macho yake yalikuwa kwa Mwongeli, na hakuyaondoa.

"Hiyo siku ya mwisho akaniambia, Musembi, nyamaza kidogo. Nikafikiria anataka kulala. Nikapunguza sauti, nikaendelea. Nilikuwa naona nikinyamaza nitasikia vile anapumua. Nilipofika mahali pazuri nikageuka nimwone, alikuwa ameenda. Sijui alienda saa ngapi. Nilikuwa naongea."

Kuria alivua kofia, akakosa mahali pa kuiweka.

"Ndio maana kwa kaburi sikuweza," Musembi akasema. "Nilikuwa nimekuahidi nitasema yote. Nikashika maikrofoni, nikaona nikisema hiyo, utajua. Nikauza njugu mbinguni. Naomba unisamehe, Mwongeli. Hiyo tu. Sina ingine."

Na kweli hakuwa na nyingine. Alikaa. Syombua alikwenda akafungua mlango, akawapungia mkono wale wengine watoke, na wakatoka kwa ncha za vidole kama watu wanaotoka kanisani katikati ya maombi. Nje alisikika akiwapanga, nani atakwenda pwani na nani atabaki na ng'ombe.

Mwongeli alibaki amesimama kando ya projekta. Akaizima. Feni yake ilizunguka kidogo, ikanyamaza. Kisha akaja mpaka benchi la nyuma, akakaa, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Ilikuwa filamu gani?" akauliza.

"Ya Wakorea. Daktari na ndugu yake wamepotezana sokoni wakiwa wadogo."

"Mwaitu aliisikia mpaka wapi?" akauliza, kama alivyomwita mama yake tangu utotoni.

"Wamekutana hospitalini, lakini hawajajuana."

"Na mwisho wake?"

Musembi akafikiri. "Sijui," akasema. "Mwisho nilikuwa sijautunga."

Mwongeli akacheka. Alicheka kwa nguvu, kicheko cha ghafla kilichomshangaza yeye mwenyewe, na katikati yake kikageuka kikawa kilio, naye hakukizuia wala kukificha. Musembi alikuwa na mambo mengi ya kumwambia mtoto anayelia. Yalikuja yote kwa pamoja, mengine ya kuchekesha sana. Aligeuka akamtazama tu. Aliona jinsi anavyolia, mabega kwanza, na mvi mbili juu ya sikio, na kwamba alikuwa amechoka sana na hajala tangu asubuhi. Akasogea, ile nafasi ya mtu mmoja ikaisha.

Walikaa hivyo mpaka mwanga wa dirishani ukaanza kupoa. Mwongeli akafuta uso kwa kiganja, akatoa simu, akatafuta namba ya ile hoteli ya Machakos ili akifute chumba.

"Nitalala nyumbani," akasema.

Musembi akaitikia kwa kichwa.